Dada yuko New York, lakini New York hajaiona

Swali: Mtaalamu, salaam. Mimi ni msomaji wenu wa Kasulu, Kigoma. Dada yangu aliolewa na Mkongo aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na mwaka juzi familia yao ilipelekwa Marekani. Karatasi zilisema Buffalo, New York. Mtaani hapa tulishangilia, maana New York kila mtu ameiona kwenye sinema. Sasa kila tukimwomba dada picha ya yale maghorofa, au ya ile sanamu ya mwanamke aliyeshika mwenge ambayo mama anaitaka aitundike sebuleni, anasema hajafika huko na hajui atafika lini. Anasema yuko karibu na Kanada. Anasema hata wenyeji wa hapo ukiwaita watu wa New York wananuna. Majirani wameanza kunong'ona kwamba anatukimbia, ana hela na hataki tujue. Je, New York ni mji au ni nchi? Na inawezekanaje mtu akae New York asiione New York?

Jibu: Ndugu yangu wa Kasulu, kabla ya yote mtoeni dada kizimbani. Hajaficha kitu. Kutoka Buffalo hadi Jiji la New York ni takriban kilomita 600 kwa barabara, karibu sawa na Dar es Salaam hadi Arusha. Kutoka alipo hadi Toronto, jiji kubwa kuliko yote Kanada, hazifiki 170, na Kanada yenyewe iko ng'ambo ya mto tu, unavuka daraja. Kituko kingine ni kwamba njia ya mkato ya gari kati ya jiji na Buffalo haikai ndani ya jimbo. Inatoka, inapita New Jersey, inapita Pennsylvania, ndipo inarudi tena New York. Sasa mtu aliyefika nchi ngeni na watoto, anayelipa pango na bili ya gesi ya kupashia nyumba moto, afunge safari ya kilomita 1,200 kwenda na kurudi kwa ajili ya picha? Mimi nilikaa Syracuse, katikati ya jimbo hilo, miaka miwili na ushei nikisomea jiografia, na jiji lenyewe nililiona mara tatu. Moja kati ya hizo nilikuwa napita tu kwenda uwanja wa ndege.

Kosa ni la jina. Mwaka 1664 Waingereza waliwanyang'anya Waholanzi koloni lao pamoja na mji wake wa New Amsterdam, wakavipa vyote viwili jina moja kwa heshima ya Duke wa York, mdogo wake Mfalme Charles II. Tangu siku hiyo mji na nchi vinaitana majina kama baba na mtoto waliopewa jina la babu mmoja, na ukiita, anayeitika ni mwenye sauti kubwa. Kwa hiyo swali lako la kwanza jibu lake ni yote mawili. Lipo Jiji la New York, na lipo Jimbo la New York, moja kati ya majimbo 50 ya Marekani, lenye kaunti 62. Jiji limekalia kaunti 5 tu, ambazo maeneo yake yaliunganishwa mwaka 1898. Katika sensa ya 2020 jimbo lilikuwa na watu milioni 20.2, na kati yao milioni 8.8 walikuwa jijini. Ardhi ya jiji haifiki hata asilimia moja ya ardhi ya jimbo, ila imebeba zaidi ya watu wanne katika kila kumi. Makao makuu ya serikali ya jimbo wala hayako huko. Yako Albany tangu 1797, mji ambao sensa ileile iliukuta na watu pungufu ya laki moja. Mtanzania aliyekulia kati ya Dar na Dodoma hilo halimpi shida kulielewa.

Sasa tuje kwenye kununa. Mtu wa Dar ana neno lake: mikoani. Anayekwenda Mtwara anakwenda mikoani, anayekwenda Bukoba anakwenda mikoani, na wewe wa Kasulu ukishuka stendi na begi lako umetoka mikoani, kana kwamba mkorosho na mgomba vimeota ua mmoja. Halafu Dar yenyewe ni mkoa! Watu wa Jiji la New York wanalo neno la namna hiyo hiyo, upstate, yaani huko juu ya jimbo. Hakuna ramani ya serikali inayoonyesha linapoanzia. Kwa kijana wa Bronx, kipande cha kaskazini cha jiji, ukishavuka mpaka huo wa kaskazini umeshaingia huko. Watu wa Westchester, kaunti inayofuata, wanakataa na kusema ni mbele zaidi, baada ya Poughkeepsie. Wa Poughkeepsie wanaelekeza Albany. Ukifika Buffalo unakuta nao hawalitaki, wao wanajiita watu wa magharibi ya New York. Neno hilo ni la mtu aliyesimama mjini akatazama kaskazini, na kwa umbali ule vilima vyote vinaonekana vya bluu. Ukimwita jirani wa dada yako mtu wa New York, umemtia kwenye jiji ambalo huenda hajalitembelea. Ukimwita wa upstate, umemchanganya na wafugaji, wavuna zabibu na askari magereza ambao hawajui hata habari zake.

Tofauti zao utazisikia kwanza mdomoni. Syracuse, nilikokuwa naishi, kinywaji cha gesi kinaitwa soda, kama tunavyokiita sisi tangu utotoni. Nikasafiri kwenda Buffalo, mwendo wa saa mbili na nusu hivi, nikaomba soda dukani, na muuzaji akajua papo hapo kwamba si wa pale. Kule ni pop. Hata irabu zao ni nyingine. Wataalamu wa lugha waliopima matamshi wamekuta kwamba Kiingereza cha Buffalo, Rochester na Syracuse kinafanana zaidi na cha Cleveland, Detroit na Chicago, miji ya mbali ya magharibi, kuliko cha Brooklyn iliyo ndani ya Jiji la New York. Ukiuliza sababu, unapelekwa kwenye maji.

Hapa naomba nikae kidogo, maana bila Mfereji wa Erie huwezi kulielewa jimbo hilo. Milima ya Appalachia imelikata bara lao kama ukuta kutoka kaskazini hadi kusini, na pengo tambarare lililo zuri kuliko yote ni bonde la mto Mohawk, magharibi ya Albany. Gavana DeWitt Clinton, aliyekuwa meya wa jiji kabla ya hapo, alishikilia kwamba mfereji uchimbwe kupitia pengo hilo kutoka mto Hudson, unaoteremka hadi Jiji la New York, hadi Ziwa Erie, moja ya maziwa makuu ya Amerika Kaskazini. Walimcheka, wakauita mtaro wa Clinton. Kazi ilianza 1817 pale Rome, ikakamilika 1825: kilomita 584, kina cha mita 1.2 tu, na vyumba 83 vya maji vya kupandishia na kuteremshia mashua kama ngazi. Mashua zilivutwa na farasi na nyumbu waliotembea ukingoni. Tani moja ya mzigo iliyogharimu takriban dola 100 kutoka Buffalo hadi jijini ikashuka hadi dola 10 au chini yake. Ngano ya maziwa makuu, mbao, chumvi ya Syracuse, unga wa Rochester, vyote vikateremkia bandari moja. Kabla ya hapo Jiji la New York lilikuwa likigombea ukubwa na Philadelphia. Baada ya mfereji, mchezo ukaisha.

Kwa maneno mengine, jiji linalowafunika watu wa juu lilineneshwa na njia iliyopita mlangoni kwao. Nao walineemeka vilevile. Miji ya mfereji imepangana kama shanga kwenye uzi: Albany, Schenectady, Utica, Rome, Syracuse, Rochester, Lockport, Buffalo. Mingi ina majina ya Kirumi na Kiyunani, maana wapimaji na walowezi wa siku hizo walipenda kuonekana wamesoma, na ilinichukua muda kuzoea kusikia kondakta anatangaza Rome na nje ni theluji na kituo cha mafuta. Walowezi na lafudhi zao walifuata njia hiyo hiyo kuelekea maziwa makuu. Ndiyo maana irabu za Buffalo ni za Chicago.

Buffalo ilikuwa mwisho wa mfereji na mwanzo wa maziwa, mahali ambapo kila gunia lilishushwa kutoka chombo kimoja na kupakiwa kingine. Mfanyabiashara Joseph Dart alijenga huko mwanzoni mwa miaka ya 1840 ghala la nafaka lenye mashine ya mvuke ya kupandisha ngano, na maghala ya namna hiyo, marefu kama ngome, bado yamesimama kando ya mto mjini humo. Mwaka 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ulifika Buffalo, na maonyesho makubwa ya 1901 yaliyowashwa kwa taa za umeme huo yanakumbukwa zaidi kwa jambo la huzuni: Rais William McKinley alipigiwa risasi humo. Chuma kikafuata, kwenye kiwanda kikubwa cha Bethlehem pale Lackawanna, mji jirani, ambako wafanyakazi kutoka Yemen walijenga jamii iliyopo hadi leo. Mwaka 1950 Buffalo ilikuwa na watu 580,000.

Kisha mambo mawili yakatokea. Mwaka 1959 ilifunguliwa njia ya meli kubwa kupitia mto St. Lawrence, na meli za baharini zikaweza kuingia maziwa makuu bila kujua kama Buffalo ipo. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 tanuri za Lackawanna zikazimwa. Kufikia 2010 mji ulikuwa na watu 261,000, yaani chini ya nusu. Dada yako akikwambia kuna mitaa yenye viwanja vitupu, nyasi kati ya nyumba na nyumba, usidhani amepelekwa kijijini. Hapo palikuwa na nyumba.

Rochester ilianguka kwa namna yake. Ule ulikuwa mji wa kamera za Kodak. Mwaka 1982 kampuni hiyo iliajiri watu wapatao 60,000 mjini humo, na mwaka 2012 ikaomba kinga ya mufilisi. Kinachouma ni kwamba kamera ya kwanza ya dijiti ilitengenezwa na mhandisi wa Kodak, palepale Rochester, mwaka 1975.

Lakini usichukue hadithi hiyo ya viwanda ukaibandika jimbo zima, ndilo kosa wanalolifanya hata waandishi wa magazeti ya jijini. Toka kwenye uzi wa mfereji, panda kusini-mashariki hadi milima ya Catskill. Huko lawama kwa jiji ni ya aina nyingine kabisa, na kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Jiji la New York linatumia takriban lita bilioni 4 za maji kwa siku, na sehemu kubwa mno ya hayo hutoka kwenye mabwawa ya milimani, mengine umbali wa kilomita 200. Kuanzia mwaka 1907, lilipoanza kujengwa bwawa la Ashokan, hadi miaka ya 1960, mabonde yalizibwa moja baada ya jingine: Ashokan, Rondout, Neversink, Pepacton, Cannonsville. Vijiji vilivyokuwa mabondeni vilibomolewa, makaburi yakafukuliwa yakahamishwa, na majina yakabaki kwenye vibao vya barabarani. Maji hayo hushuka yenyewe kwa mteremko, bila pampu, na mojawapo ya njia zake, ile ya Delaware, ni handaki la kilomita 137, refu kuliko mahandaki yote duniani.

Sehemu kubwa ya maji hayo haichujwi, kwa kuwa milima yenyewe ndiyo chujio. Ili yabaki hivyo, jiji lilihitaji kuwaamulia watu wa mbali wapi waweke choo, wapi warundike samadi, wapi wajenge. Hebu jiweke mahali pao: mamlaka ya mji ambao humpigii kura meya wake inakutungia kanuni za shamba lako, na polisi wake wanapiga doria kwenye vilima vya kwenu. Ugomvi ulikuwa mkali hadi 1997, walipotia saini makubaliano. Jiji likakubali kulipia mashimo mapya ya maji taka na kuwasaidia wafugaji kutunza samadi, kununua ardhi kwa anayetaka kuuza tu, na kulipa kodi ya ardhi hiyo kama mmiliki mwingine yeyote. Hesabu ilikuwa rahisi, kwa sababu mtambo wa kuchuja ungegharimu mabilioni ya dola. Wazee wa Catskill hawajasahau yaliyozama, lakini wanaketi meza moja na jiji kama mtu anayejua bei ya alichonacho. Watu wa Murang'a wanaoishi kando ya bwawa la Ndakaini, linalonywesha Nairobi, wangeweza kwenda kujifunza huko.

Ukizidi kwenda kaskazini, vijiji vinapungua na miti inaongezeka. Milima ya Adirondack ni hifadhi ya takriban kilomita za mraba 24,000, kubwa kuliko Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ila si hifadhi kwa maana tunayoijua sisi. Watu wapatao 130,000 wanaishi ndani yake, na zaidi ya nusu ya ardhi ni mali ya watu binafsi. Ilitangazwa 1892, na miaka miwili baadaye katiba ya jimbo ikaandika kwamba misitu ya serikali iliyomo ibaki pori milele. Sababu moja iliyotajwa sana ilikuwa hofu kwamba wakata miti wataukausha mto Hudson na mfereji. Mfereji tena! Mlima mrefu kuliko yote ya jimbo, Marcy, una mita 1,629, chini ya Nairobi, na wenyeji wanauzungumzia kwa heshima ambayo sisi wa upande wa Kilimanjaro tunaisikiliza kwa adabu tu.

Kaskazini ya hapo, kuelekea mpaka wa Québec, mbao na migodi ilipopungua, ajira iliyobaki ni ng'ombe wa maziwa, jeshi na magereza. Magereza ndiyo yaliyozua mzozo wa ajabu. Kwa miongo mingi wafungwa, wengi wao vijana weusi na Walatino kutoka jijini, walihesabiwa kuwa wakazi wa kijiji cha gereza wakati wa kugawa majimbo ya uchaguzi. Hawana ruhusa ya kupiga kura, lakini miili yao iliongeza uzito wa kura za wengine. Sheria ya jimbo ya mwaka 2010 ndiyo iliyoagiza wahesabiwe nyumbani walikotoka.

Mpaka wa kusini, unaopakana na Pennsylvania, una huzuni yake. Endicott, mji mdogo wa viatu, ndipo lilipo chimbuko la kampuni ya kompyuta ya IBM, na yote mawili, viatu na kompyuta, yameondoka. Chini ya ardhi yao kuna mwamba wenye gesi. Upande wa Pennsylvania walichimba kwa kupasua miamba kwa maji, na wakulima wakapokea hela za kukodisha ardhi. Upande wa New York serikali ilipiga marufuku mwishoni mwa 2014, kisha ikatia sheriani 2020. Wapo wakulima wanaoutazama uzio wa jirani kwa uchungu na kusema ni watu wa jijini waliowafungia riziki. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Mji mdogo wa Dryden, karibu na Ithaca, ulijipigia marufuku wenyewe mapema na kushinda mahakamani, kwa hiyo huko juu kwenyewe hawakuwa na kauli moja.

Long Island naiacha kwa mstari mmoja: iko kusini-mashariki, ina kaunti mbili za vitongoji zenye watu karibu milioni 3, na haijioni jiji wala haijioni huko juu.

Ukikaa nao utasikia kila upande unadai kwamba ndio unaomlisha mwenzake. Huko juu watakwambia kodi zao zinamezwa na treni za chini ya ardhi za jijini. Hapo wanakosea. Hesabu za Taasisi ya Rockefeller ya Albany za mwaka 2011 zilionyesha kwamba jiji na vitongoji vyake ndivyo vinavyochangia hazina ya jimbo zaidi ya wanavyopokea, na kaunti za juu ndizo zinazopata zaidi ya wanavyotoa. Lakini wanaposema kwamba sheria hutungwa kwa macho ya jijini, wana hoja, ingawa historia imewahi kuwa kinyume. Katiba ya 1894 iliweka kanuni ya kuhakikisha jiji, lililokuwa likijaa wahamiaji, halitapata wingi kwenye Seneti ya jimbo hata likiwa na watu wengi kiasi gani. Kanuni hiyo ilidumu miaka 70, hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipoifuta mwaka 1964. Mara kwa mara mtu huibuka na wazo la kugawana nyumba. Mwaka 1861 alikuwa meya wa jiji, Fernando Wood. Siku hizi ni wabunge wa kaunti za mashamba. Halitendeki, na nadhani wenyewe wanajua.

Wala kura zao hazigawanyiki kwa jiografia peke yake. Gavana Kathy Hochul ni mzaliwa wa Buffalo, na kabla yake mtu wa Buffalo hakuwa ameshika ugavana tangu Grover Cleveland katika miaka ya 1880. Katika uchaguzi wa 2022 ungetegemea kaunti za juu zimbebe mtu wao. Nyingi zilimpa kura mpinzani wake, Lee Zeldin wa Long Island, na jiji ndilo lililomwokoa binti wa Buffalo. Miji ya juu yenyewe, kama Albany, Syracuse, Rochester na Ithaca, hupiga kura kwa mwelekeo wa jiji. Ukitoka kilomita 20 nje, kwenye mahindi na ng'ombe, mwelekeo unageuka.

Sasa nirudi kwa dada, maana najua unataka kujua kama ameula au hakuula. Wakimbizi wengi waliopelekwa jimbo la New York hawakupelekwa jijini. Walipelekwa Buffalo, Rochester, Syracuse, Albany na Utica, kwa sababu moja isiyo na siri: miji iliyopoteza watu ina nyumba tupu na pango lake ni nafuu. Familia ambayo jijini ingebanana chumba kimoja, huko inaweza kukodi nyumba nzima. Lakini hata sheria imechora mstari. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara kilikuwa dola 16.50 kwa saa jijini, Long Island na Westchester, na dola 15.50 kwingine kote jimboni. Kwa hiyo shemeji yako akifanya kazi ileile ya kiwandani, analipwa dola moja pungufu kila saa, halafu anahitaji gari, kwa kuwa basi la Buffalo halimfikishi kila mahali penye kazi. Nyumba kubwa kwenye picha ya WhatsApp haimaanishi mfuko mkubwa, na majirani zenu waambieni hivyo.

Wahamiaji hao ndio waliosaidia kuirudishia pumzi miji hiyo. Kati ya 2010 na 2020 Buffalo ilipanda kutoka watu 261,000 hadi 278,000, mara ya kwanza kuongezeka tangu 1950. Walikuja Wakongo, Wasomali, Waburma, Wabhutani, na Wabangladeshi wengi waliohama kutoka jijini kwenyewe wakitafuta nyumba za bei wanayoiweza. Utica ni mji mdogo wa watu 65,000, na takriban mtu mmoja katika kila watano amezaliwa nje ya Marekani. Wabosnia walinunua kanisa la Kimethodisti lililokuwa limeachwa katikati ya mji wakaligeuza msikiti. Wapo pia Wabantu wa Kisomali, watu ambao miongoni mwao kuna koo zilizochukuliwa utumwani kutoka Uzigua karne ya kumi na tisa na mpaka leo zinazungumza Kizigua. Kiswahili cha Nyarugusu si kigeni tena kwenye miji hiyo, na dada yako hatakosa wa kuteta naye.

Jambo moja la kumwonea huruma bila kumuuliza maswali ni theluji yake, ambayo si ile ya jijini. Upepo wa baridi ukipita juu ya Ziwa Erie kabla halijaganda hunyonya unyevu, kisha huumwaga kwenye mkanda mwembamba ufukweni. Mtaa mmoja unafukiwa, mwingine wa jirani unaona jua. Novemba 2022 kitongoji cha Orchard Park kilipata zaidi ya mita 2 katika siku chache, na tufani ya Krismasi mwaka huohuo iliua zaidi ya watu 40 Buffalo na viunga vyake. Mkimpigia Desemba asipokee, au akisema hajatoka nje siku tatu, ni kweli hajatoka. Januari na Februari ziwa likishaganda, mambo hutulia kidogo.

Kuhusu picha ya mama, nina pendekezo. Kutoka Buffalo hadi maporomoko ya Niagara ni kilomita 30 na kitu, safari ya nusu saa au zaidi kidogo kwa gari. Upande wa Marekani ni bustani ya jimbo la New York tangu 1885, na anayeingia kwa miguu halipi kiingilio. Wasubiri kiangazi, asimame kwenye ukingo wa Goat Island na watoto wake, maji yakiwa nyuma yao, asubuhi jua likiwa bado chini. Hapo upinde wa mvua haukosekani sana. Hiyo ndiyo New York yake, na kwa ukubwa wake itambidi mama atafute fremu pana.